Leo Keshi, Kesho Mkopo: Kusoma Kumbukumbu za James Lackington

Aliyekulia mtaani anaijua ile karatasi iliyobandikwa juu ya meza ya muuza duka: leo keshi, kesho mkopo. Unarudi kesho, karatasi ipo palepale na bado inasema kesho. Tunacheka, tunatoa hela, tunaondoka na sukari yetu. Hakuna anayedhani mwenye duka ni kichaa.

Mwaka 1780, muuza vitabu mmoja wa London alipotangaza kwamba hatauza tena kitabu hata kimoja kwa mkopo, wenzake walimwona kichaa kabisa. Wakati huo biashara ya vitabu ilikwenda kwa daftari. Bwana mkubwa alimtuma mtumishi dukani, kitabu kikachukuliwa, deni likaandikwa. Kumwambia mtu wa daraja lile alipe hapohapo ilikuwa kama kumtukana.

Jina la muuza vitabu huyo ni James Lackington. Mwaka 1791, akiwa ameshatajirika, alichapisha kitabu kuhusu maisha yake, Memoirs of the First Forty-Five Years of the Life of James Lackington. Nimekisoma usiku tatu mfululizo kwenye simu, bila kulipa chochote, maana hakimiliki yake imekwisha siku nyingi. Nadhani mwenyewe angefurahi, halafu angeuliza kama bado kuna faida ndani yake.

Niseme mapema ninachokiona. Kitabu hiki ni kizuri sana pale kinapohesabu fedha, na kinachosha pale mwandishi anapojisifu. Ila nyuma ya hesabu zile kuna swali ambalo sisi tunaoandika na kusoma hatujalimaliza: bei ya kitabu inaamua nani awe msomaji, na ikishushwa, nani anabeba hasara?

Tuanze na mtu mwenyewe. Lackington alizaliwa mwaka 1746 Wellington, mji mdogo wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyezidiwa na pombe. Mtoto James hakusoma shule ya maana. Alitembeza mikate ya nyama mitaani kwa niaba ya mwokaji, na msimu wa Krismasi akatembeza kalenda za mwaka mpya. Yaani kazi yake ya kwanza ya kuuza maandishi aliifanya kabla hajaweza kuyasoma vizuri. Alipofika miaka 14 akapelekwa kujifunza ushonaji viatu Taunton, na huko ndiko alikookoteza kusoma, kwa kumlipa mtoto wa mwajiri wake vijisenti ili amfundishe.

Kuna kisa kimoja cha ujana wake ambacho peke yake kinatosha kukufanya ukipende kitabu. Alikuwa amejiunga na Wamethodisti, na siku moja ya Jumapili mama mwenye nyumba akafunga mlango ili kijana asiende kusali nao. Lackington akaifungua Biblia popote, akakutana na mstari wa Zaburi unaoahidi kwamba malaika watamlinda mtu asijikwae. Basi, akaruka dirishani kutoka ghorofani. Malaika hawakutokea, alilazwa kitandani kwa maumivu, na ilimchukua zaidi ya mwezi kupona. Anasimulia hili kwa kicheko, lakini mimi niliona humo mtu aliyejifunza kusoma kwa shida na ambaye kwake maandishi hayakuwa mapambo. Akisoma kitu, anakifanya.

Mwaka 1770 alimuoa Nancy, msichana aliyempenda tangu zamani. Harusi ilipokwisha, bwana na bibi harusi walipekua mifuko yao yote wakakuta nusu peni tu. Ikumbuke nusu peni hiyo, nitairudia. Kule Bristol waliishi kwa shilingi nne na nusu kwa wiki, chakula na kinywaji cha watu wawili. Chai hawakuiweza, wakakausha mkate motoni na kuuloweka kwenye maji ya moto. Kahawa wakaighushi kwa ngano ya kukaanga. Kurasa hizi ni miongoni mwa zilizo bora. Hajipambi wala halii. Anataja kitu na bei yake, anaendelea.

Walihamia London, naye alifika huko mwaka 1773 na shilingi mbili na nusu mfukoni. Hapo ndipo kinapokuja kisa kinachosimuliwa zaidi kuliko vyote. Mkesha wa Krismasi anatoka na fedha zote za ndani, nusu krauni, kwenda kununua chakula cha sikukuu. Njiani anapita duka la vitabu vya mitumba, anaona Night Thoughts, shairi refu la Edward Young. Anarudi nyumbani na kitabu. Mkewe anauliza chakula kiko wapi. Jibu lake ni kwamba chakula kingeliwa kesho na kwisha, lakini kitabu wataendelea kula raha yake hata wakiishi miaka 50.

Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaishia hapo na kupiga makofi. Mimi nilisimama nikamfikiria Nancy. Aliyeloweka mkate ukawa chai ni yeye. Hatuambiwi kama alikula nini Krismasi hiyo. Miaka 50 hakuipata. Alifariki Novemba 1775 kwa homa, wakati mume naye akiwa hoi kitandani, na wauguzi waliolipwa kuwatunza wakiiba vitu na kunywa jini. Lackington anaeleza haya waziwazi, na namsifu kwa hilo. Lakini ushindi wa kitabu dhidi ya chakula ni ushindi wake yeye, aliouandika akiwa ameshiba. Ningependa kusikia upande wa pili, na kitabu hakina nafasi yake.

Duka lilifunguliwa katikati ya mwaka 1774, Featherstone Street, nalo lilikuwa dogo kweli. Mtaji wake ulikuwa gunia la vitabu vikuukuu, vingi vya dini, pamoja na vipande vya ngozi vya kushonea viatu. Vyote havikuzidi thamani ya pauni 5. Wamethodisti walikuwa na mfuko wa kukopesha wenzao bila riba, wakampa pauni 5 nyingine. Ndani ya miezi sita mali ya dukani ikafika pauni 25, naye akaachana na viatu na kuhamia Chiswell Street. Siku zile za mwanzo alikuwa bado mcha Mungu kiasi kwamba vitabu vya watu wasioamini vikiingia mikononi mwake, aliviharibu badala ya kuviuza. Baadaye imani ilipopoa, akauza kila kitu.

Ona kejeli iliyopo hapa. Mtu aliyekuja kuwa maarufu kwa kukataa kukopesha alianza kwa kukopeshwa. Na katika kitabu hiki wale waliomkopesha anawadhihaki kurasa kwa kurasa, kiasi kwamba unachoka kwa niaba yao.

Kitu kingine cha kukumbuka ni tarehe. Februari 1774, miezi michache kabla hajafungua duka, Baraza la Malords liliamua kesi ya Donaldson dhidi ya Becket na kusema kwamba hakimiliki haiwezi kuwa ya milele. Ikifika muda wake, inakwisha. Wakubwa wa biashara ya vitabu London walikuwa wamezoea kuuziana haki za vitabu vya watu waliokufa zamani kana kwamba ni viwanja. Hukumu ile ikafungua mlango wa matoleo ya bei nafuu. Lackington aliingia sokoni wakati ukuta umeshatoboka. Juhudi alikuwa nazo, hilo halina ubishi, ila ukisoma maisha ya mtu aliyejijenga mwenyewe ni vizuri kuuliza nani mwingine alikuwa anajenga au anabomoa karibu yake.

Sasa tuje kwenye moyo wa kitabu, yaani zile sura za biashara. Mwaka 1779, akiwa na mbia, alitoa orodha yake ya kwanza ya vitabu vya kuuza: juzuu 12,000. Mwaka uliofuata wakaachana na mbia huyo, na hapo ndipo akaja na lile tangazo lake. Sababu anazieleza kwa utulivu wa mtu aliyeumwa. Wengi walionunua kwa mkopo hawakulipa kabla ya miezi sita; wengine mwaka, wengine miwili, wengine hawakulipa kamwe. Muda wote huo fedha ya duka imelala. Ili afidie, muuzaji anapandisha bei, na anayelipa bei hiyo ni yule mwaminifu. Sisi tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Lackington anaongeza jambo ambalo methali haikulisema: matanga yenyewe mara nyingi yanagharamiwa na mtu ambaye harusini hakualikwa.

Mimi naishi kwa kuandika. Nilipofika sura hiyo niliweka simu chini, nikaanza kuhesabu makala nilizoandika mwaka huu ambazo bado nasubiri malipo yake. Sitataja mtu. Nasema tu kwamba mtu wa miaka zaidi ya 200 iliyopita alinielewa.

Suluhisho lake lilikuwa rahisi na gumu kwa pamoja. Kila kitabu kiliandikwa bei ndani yake, ya chini kabisa anayoweza kuuza, na bei hiyo ilikuwa ya kila mtu. Hakuna kupatana, hakuna daftari. Wateja wa vyeo walikasirika. Wenzake wa biashara walieneza maneno kwamba vitabu vyake ni vibovu na kwamba atafilisika muda si mrefu. Alijibu kwa kuwatabarukia kitabu hiki: sehemu moja ya tabaruku ni ya umma, ya pili ni ya wauza vitabu wenye heshima, ya tatu ni ya wauza vitabu wachoyo. Hawakosi kujijua.

Halafu kuna habari ya vitabu vilivyododa. London ilikuwa na minada ya wauza vitabu wenyewe kwa wenyewe, ya kuingia kwa mwaliko, ambapo wachapishaji waliuza nakala zilizobaki. Aliyenunua nakala hizo alitarajiwa aharibu nusu yake au hata robo tatu, kisha zilizosalia aziuze kwa bei ileile ya zamani. Kitabu kisipungue thamani. Anayevunja kanuni hii na kushusha bei hakualikwa tena. Lackington anakiri kwamba mwanzoni naye aliharibu kama wengine. Kisha akajiuliza kuna faida gani, akaacha. Akaanza kununua zilizododa kwa wingi na kuziuza zote, kwa nusu bei au robo bei. Kuna wakati, anasema, alikuwa na nakala 10,000 za Zaburi za Isaac Watts na nyingine 10,000 za tenzi zake, zote ghalani kwa pamoja.

Hebu ifikirie ile desturi ya zamani. Karatasi imetengenezwa, herufi zimepangwa moja moja kwa mkono, mtu amevuta mtambo kutwa nzima, kitabu kimekamilika, halafu kinaharibiwa ili masikini asikipate kwa bei yake. Kuliandika jambo hilo kwa maneno yasiyo na makuu, na kukiri kwamba yeye mwenyewe alishiriki, ndicho kitendo cha kijasiri kuliko vyote katika kitabu hiki. Ni zaidi ya kuruka dirishani.

Matokeo yake? Lackington anadai kwamba vitabu vilivyouzwa wakati anaandika vilikuwa mara nne ya vile vya miaka 20 nyuma. Anasema wakulima na watu wa shamba, waliokuwa wakimaliza jioni za baridi kwa hadithi za wachawi na mizimu, sasa wanawasikiliza watoto wao wakisoma riwaya za Fielding na Smollett, na mkulima akienda mjini kuuza majani ya ng'ombe anaagizwa asisahau kurudi na kitabu. Maneno haya yamenukuliwa mno na wanaoandika historia ya usomaji. Mimi nayapokea kwa tahadhari. Ni maneno ya mtu anayeuza vitabu, ndani ya kitabu anachokiuza, dukani kwake. Ile mara nne haina hesabu iliyoonyeshwa, wakati mtu huyuhuyu kwenye faida yake anatupa takwimu za kila mwaka: pauni 4,000 mwaka 1791, pauni 5,000 mwaka 1792, kama matoleo ya baadaye yanavyoeleza. Akijua anataja, asipojua anapaka rangi. Ukishaizoea tofauti hiyo, unaweza kumsoma bila kudanganyika.

Tatizo langu kubwa liko kwingine. Katika ulimwengu wa Lackington kuna muuzaji na kuna msomaji. Mwandishi haonekani sana. Vitabu vinatokea tu, kama samaki sokoni, na kazi iliyobaki ni kupanga bei.

Kuna kitabu kimoja kinachotusaidia kuliona pengo hilo. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa na aliyejinunulia uhuru wake mwaka 1766, alichapisha mwenyewe habari za maisha yake mjini London. Ukurasa wa mbele wa toleo la kwanza unaorodhesha maduka yanayokiuza, na mojawapo ni la Lackington, Chiswell Street. Equiano hakumuuzia mtu hakimiliki yake. Alitafuta watu wa kujiandikisha kabla, wakapatikana 311, nao wakalipa nusu ya bei kabla kitabu hakijatoka. Kisha akazunguka Uingereza, Scotland na Ireland akikiuza, na kufikia mwaka 1794 kilikuwa na matoleo tisa.

Waangalie watu hawa wawili kwenye meza moja ya duka. Wote wawili wanakataa mkopo: mmoja anataka fedha leo, mwingine anaitaka jana. Lakini bei ya Equiano ilikuwa shilingi saba. Ukikumbuka zile shilingi nne na nusu za chakula cha wiki cha James na Nancy, kitabu hicho kingewala zaidi ya wiki moja na nusu ya kula. Fundi viatu asingekigusa. Na bila bei ile, Equiano asingekula wala asingesafiri kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Wote wawili wana haki, na haki zao zinagongana. Lackington angeweza kuliandika hilo, maana vitabu vya namna zote vilipita mikononi mwake. Badala yake anatupa vichekesho, mashairi ya watu wengine na masimulizi marefu ya safari zake.

Asiyepewa haki yake vilevile ni Dorcas, mke wa pili, aliyemuoa Januari 1776. Anakubali kwamba mapenzi ya Dorcas kwa vitabu yalikuwa bahati kubwa kwake, kwani alipenda kukaa dukani na wateja walipenda kuhudumiwa naye. Sentensi chache, basi. Kwa hesabu yoyote ya haki, huyu ni mbia. Yule mbia wa kiume aliyedumu miaka miwili amepewa maelezo marefu kuliko yeye.

Baada ya kitabu kutoka, mambo yakazidi kuwa makubwa. Katika miaka ya 1793 na 1794 duka lilihamia Finsbury Square, kwenye jengo lenye upana wa futi 140 mbele, kuba juu yake na bendera iliyopandishwa bwana mwenyewe akiwepo. Aliliita Temple of the Muses. Ndani kulikuwa na meza ya duara kubwa kiasi kwamba, inasimuliwa, gari la farasi wanne lilizungushwa pale siku ya ufunguzi. Ukipanda ngazi kuelekea kwenye kuba, kila ghorofa vitabu vilizidi kuchakaa na bei kuzidi kushuka. Napenda jengo lile kwa hilo: mwenye fedha kidogo alipanda ngazi nyingi, lakini aliingia kwa mlango uleule.

Na ile nusu peni? Mwaka 1794 sarafu ndogo zilikuwa adimu Uingereza, wafanyabiashara wakajitengenezea za kwao. Lackington akatoa nusu peni yenye uso wake upande mmoja, na upande wa pili maneno yanayolitangaza duka lake kuwa la bei rahisi kuliko yote duniani. Kutoka nusu peni ya asubuhi baada ya harusi hadi nusu peni yenye sura yake. Nancy hakuishi kuiona.

Alistaafu mwaka 1798. Mwaka 1804 alitoa kitabu kingine, Confessions, akiomba radhi kwa dhihaka zake dhidi ya Wamethodisti, na kwa fedha zake akajenga makanisa kadhaa yao. Akafariki mwaka 1815. Toba ile naiamini, ingawa kama fasihi ni kitabu dhaifu kuliko kile anachokitubia. Aliyekosewa amepewa makanisa; msomaji amenyang'anywa ucheshi.

Kwa hiyo, nikushauri usome? Ndiyo, ila usikisome kama wale wanaokichukua kuwa mwongozo wa kutajirika, ambao wanaishia kwenye Night Thoughts na kukuambia ulale njaa ununue vitabu. Ruka mashairi, ruka safari, nenda kwenye sura za madeni na za minada. Soma pale anapokiri kwamba naye aliwahi kuharibu vitabu vizuri ili bei isishuke. Kisha ukifunga, hesabu watu waliokifikisha kitabu hicho mkononi mwako: mwandishi, mchapaji, mke aliyesimama dukani, yule aliyetoa mkopo wa pauni 5 bila riba. Lackington alimjali kwa dhati mtu mmoja katika mnyororo huo, yule mnunuzi mwenye fedha kidogo, na alimjali kuliko mtu yeyote wa biashara yake kwa wakati wake. Waliobaki wanatusubiri sisi, na baadhi yao bado hawajalipwa.